Namba ya Ijumaa ya kwanza: je, takwimu za ajira za Marekani zinapikwa?

Swali. Shikamoo mwalimu. Niko Columbus, Ohio, nafanya kazi ghalani. Kila mwezi ile ripoti ya ajira ikitoka, chumba chetu cha mapumziko kinageuka bunge. Mmoja anasema uchumi unapaa, mwingine anasema watu wanapoteza kazi, na wote wawili wanatumia ripoti moja. Mwezi unaofuata tunaambiwa ile namba ya kwanza imepunguzwa. Mwaka 2025 Rais akamfukuza hata mkuu wa takwimu. Naomba unieleze bila kuficha: hizi namba zinapikwa au hazipikwi? Na mtu wa kawaida kama mimi azisomeje?

Jibu. Marahaba, mdogo wangu. Nianze na lile uliloliuliza waziwazi, nisikuzungushe. Sijaona ushahidi wowote kwamba kuna mtu Washington aliyekaa akaandika namba ya ajira ya uongo, iwe wakati wa Obama, wa Trump au wa Biden. Na kwa kweli mwanasiasa hana haja ya kujisumbua hivyo. Ripoti ile ina majedwali mengi, kila upande unapata namba ya kuutetea, na namba ya mwezi mmoja ina nafasi ya makosa pana kuliko tofauti mnayoibishania pale kazini. Siasa inaingia kupitia mlango huo, na uko wazi mchana kweupe.

Ripoti hutolewa na Ofisi ya Takwimu za Kazi, BLS kwa kifupi, iliyo chini ya Wizara ya Kazi. Kwa kawaida ni Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa mbili na nusu asubuhi kwa saa za huko kwenu. Kwetu Afrika Mashariki ni saa tisa na nusu alasiri, au saa kumi na nusu wakati wa baridi yenu. Watu wanaiita ripoti moja, lakini ndani yake mna tafiti mbili zisizofanana. Nusu ya ugomvi wenu ungekwisha kama kila msemaji angeanza kwa kutaja anatumia utafiti upi.

Wa kwanza ni utafiti wa kaya. Makarani wa Ofisi ya Sensa huzifuata kaya kama 60,000, kwa simu au mlangoni, wakiuliza habari za wiki yenye tarehe 12 ya mwezi. Huko ndiko kinakotoka kile kiwango cha ukosefu wa ajira. Wa pili ni utafiti wa waajiri: kampuni na ofisi za umma zipatazo 120,000, zenye sehemu za kazi zaidi ya 600,000, huulizwa walikuwa na watu wangapi kwenye orodha ya mishahara katika kipindi cha malipo kilichoibeba tarehe 12. Huko ndiko inakotoka kauli ya "ajira zimeongezeka laki moja na ushee".

Wa kaya unahesabu watu, wa waajiri unahesabu nafasi. Ukipiga shifti ya asubuhi ghalani na jioni ukaingia kwa kampuni ya usafi, kwa utafiti wa kaya wewe ni mtu mmoja mwenye kazi. Kwa waajiri wewe ni kazi mbili. Jirani yako anayeendesha teksi ya mtandaoni kwa hesabu yake mwenyewe yumo kwenye utafiti wa kaya, ila kwa waajiri hayupo kabisa. Kwa hiyo yawezekana mwezi mmoja utafiti huu useme ajira zimepanda na ule useme zimeshuka, na asiwepo aliyesema uongo. Mwaka 2003 na 2004, namba ya waajiri ilipokuwa ikisuasua, watetezi wa Rais George W. Bush waligundua ghafla kwamba utafiti wa kaya ndio bora. Miaka ya Biden hali ikawa ile ile: waajiri wakionyesha neema, wapinzani wake wakahamia kwenye kaya. Mtu anayebadili utafiti kila uchaguzi unapobadilika, wewe msikilize kwa adabu tu.

Sasa tuangalie kwa karibu anachoulizwa mtu wa kaya. Karani hamuulizi kama "hana ajira". Anamuuliza kama wiki ile alifanya kazi yoyote ya malipo, na saa moja inatosha kumhesabu mwenye kazi. Kama hakufanya, anaulizwa kama katika wiki nne zilizopita alitafuta kazi kwa vitendo: kutuma maombi, kumpigia mwajiri, kwenda kwenye usaili. Kupitia matangazo kwenye simu bila kuomba popote hakuhesabiwi kuwa ni kutafuta. Kisha, je, angeweza kuanza kazi? Akikubali hapo, ndipo anaandikwa asiye na ajira. Aliyekata tamaa akaacha kutafuta hayumo; ametolewa kwenye nguvukazi.

Unaona basi inavyowezekana kiwango kushuka kwa sababu nzuri na kwa sababu mbaya. Watu wakipata kazi kinashuka. Watu wakichoka kutafuta kinashuka pia. Serikali itatangaza kushuka, wapinzani watasema watu wamekata tamaa, na huenda wote wawili wamesema kweli kuhusu watu tofauti. BLS hawalifichi hilo. Katika ripoti hiyo hiyo wanachapisha vipimo sita, kuanzia U-1 hadi U-6. Kile rasmi ni U-3. U-6 kinaongeza waliokata tamaa na wale wanaofanya kazi za saa chache huku wakitaka za siku nzima, na mara nyingi kinakaribia kuwa maradufu ya kile rasmi. Mtu akikwambia "kiwango halisi wanakificha", mwonyeshe ukurasa.

Kabla ya uchaguzi wa 2016, Donald Trump akiwa mgombea alisema kiwango rasmi cha karibu asilimia 5 ni cha uongo, akataja 28, akataja 35, akafika hadi 42. Namba kama 42 unaipata ukimhesabu kila mtu mzima asiyefanya kazi, wakiwemo wazee waliostaafu, wanafunzi na wazazi wanaolea watoto nyumbani. Kisha Machi 10, 2017 ikaja ripoti ya mwezi wake wa kwanza kamili madarakani: ajira 235,000, kiwango asilimia 4.7. Msemaji wake, Sean Spicer, akasema amezungumza na Rais, na Rais amemtuma awaambie kwamba huenda zamani zilikuwa za uongo, lakini sasa ni za kweli kabisa. Waandishi wakaangua kicheko. Ofisi ni ile ile, dodoso ni lile lile.

Usidhani ni ugonjwa wa mtu mmoja. Oktoba 5, 2012, mwezi mmoja kabla ya Obama kurudi kwa wapiga kura, kiwango kilishuka kutoka asilimia 8.1 hadi 7.8. Jack Welch, aliyewahi kuwa bosi wa General Electric, akaandika mtandaoni kwamba hawa watu wa Chicago, yaani mji wa Obama, watafanya lolote. Wameshindwa mdahalo, sasa wanabadili namba. Kilichomshtua ni utafiti wa kaya kuonyesha watu 873,000 zaidi wenye kazi, wakati waajiri walionyesha 114,000 tu. Kwa anayeijua sampuli ya kaya, hilo ni tukio la kawaida: ni sampuli ndogo na huruka juu na chini. Lakini njama inauzika kwa urahisi kuliko somo la sampuli.

Wademokrati nao wana mtindo wao, ulio wa adabu zaidi. Biden alijigamba kuwa zimetengenezwa ajira zaidi ya milioni 16 katika kipindi chake. Kwa takwimu za wakati huo, namba ilikuwa sahihi. Alichokuwa hakitaji ni kwamba alipoapishwa, nchi ilikuwa bado na pengo la karibu ajira milioni 10 ukilinganisha na Februari 2020, kabla ya korona. Ilirudi pale ilipokuwa katikati ya 2022. Sehemu kubwa ya milioni zile ni watu waliorudi kazini. Hapo hakuna kilichopikwa. Amechagua tu pa kuanzia kuhesabu, na ukitaka kumbana mwanasiasa yeyote, muulize swali hilo: unalinganisha na mwezi gani?

Nafasi ya makosa ndiyo habari ambayo vichwa vya habari havina muda nayo. BLS wenyewe wanaeleza kwamba badiliko la mwezi katika utafiti wa waajiri lina nafasi ya makosa ya takriban 130,000 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 90. Kwa utafiti wa kaya, idadi ya wenye kazi inaweza kukosea kwa zaidi ya nusu milioni. Kwa hiyo ukisikia "ajira 73,000", isome hivi: badiliko la kweli pengine liko kati ya kupungua kwa 60,000 hivi na kuongezeka kwa laki mbili. Mwanasiasa hawezi kusimama jukwaani na sentensi ya namna hiyo.

Hiyo 73,000 sikuiokota njiani. Ndiyo iliyotangazwa Agosti 1, 2025, kwa mwezi wa Julai. Yenyewe ilikuwa dhaifu, lakini kilichotikisa ni mistari ya chini yake. Mei ilikuwa imetangazwa kuwa na ajira 144,000. Ikashushwa hadi 19,000. Juni ilikuwa 147,000. Ikashushwa hadi 14,000. Ajira 258,000 zikafutika kwa asubuhi moja. Kabla jua halijazama Trump alikuwa ametangaza kumfukuza Kamishna wa BLS, Erika McEntarfer, akisema namba zimechakachuliwa ili yeye na chama chake waonekane vibaya.

Ushahidi hakuutoa. McEntarfer alithibitishwa na Seneti Januari 2024 kwa kura 86 dhidi ya 8, na miongoni mwa waliompigia kura ya ndiyo alikuwemo Seneta JD Vance, ambaye wakati wa kufukuzwa huko alikuwa ndiye Makamu wa Rais. Kamishna ndiye mteule pekee wa kisiasa katika ofisi ile. Wengine wote ni watumishi wa kudumu, na kazi ya kukusanya na kujumlisha inafanywa nao. Namba humfikia Kamishna zikiwa zimeshakamilika. William Beach, ambaye Trump mwenyewe alimteua kushika nafasi hiyo katika awamu yake ya kwanza, alijitokeza hadharani kusema kufukuzwa huko hakuna msingi. Ikulu ikampendekeza E.J. Antoni, mchumi wa taasisi ya kihafidhina ya Heritage Foundation; kufikia mwisho wa Septemba jina lake likaondolewa.

Sasa uliuliza kwa nini namba husahihishwa. Fikiria usiku wa kuhesabu kura. Vituo vya mjini vinaleta fomu mapema, vya mbali vinafika kesho yake au keshokutwa, na jumla inabadilika kila fomu inapoingia. Hakuna aliyeiba kura. Hesabu ilikuwa haijaisha. Waajiri nao wako hivyo. Ripoti ya kwanza inatoka wakati sehemu nzuri ya dodoso haijarudi. Mwezi wa pili zinaingizwa zilizochelewa, na mwezi wa tatu zinaingizwa tena, ambapo zaidi ya waajiri tisa kati ya kumi waliomo kwenye sampuli huwa wameshajibu. Katika kisa cha Mei na Juni 2025, sehemu kubwa ya upungufu ilitoka kwenye ajira za elimu za majimbo na serikali za mitaa. Juni ni mwezi ambao shule zinafungwa na maelfu wanatoka kwenye orodha za mishahara, na mwajiri mkubwa wa namna hiyo akichelewa kujibu, makadirio yanayumba.

Na hapo hatujagusa marekebisho ya msimu, ambayo kwa mgeni ndiyo yanayonuka upishi kuliko yote. Kila Januari, maduka yanapowaachia vibarua wa Krismasi na baridi inaposimamisha ujenzi, Marekani hupoteza ajira kati ya milioni mbili na nusu na tatu. Januari 2024 zilipotea zaidi ya milioni 2.5. Ripoti ikatangaza ongezeko la 353,000! Hilo limewezekana kwa sababu mtambo wa marekebisho unajua kwamba kwa Januari ya kawaida zingepotea nyingi zaidi. Bila marekebisho hayo kila Januari ingekuwa mdororo na kila Novemba neema. Lakini elewa kwamba namba unayoisikia redioni haikuhesabiwa popote, imekokotolewa. Kigezo cha msimu kikiyumba kidogo tu, laki moja nzima inaweza kuzaliwa au kufa.

Kuna pia sahihisho kubwa la mara moja kwa mwaka. BLS hulinganisha makadirio yao na kumbukumbu za bima ya ukosefu wa ajira, ambazo hujazwa na waajiri na zinabeba zaidi ya asilimia 95 ya ajira zote. Hapo si sampuli tena. Ni karibu hesabu kamili. Agosti 21, 2024 walitangaza kwamba idadi ya Machi mwaka huo huenda ilizidishwa kwa 818,000. Hesabu ya mwisho ikatulia kwenye 598,000. Septemba 2025 wakatangaza makadirio ya awali ya 911,000 kwa Machi 2025. Inasikika kama wizi wa benki. Katika jumla ya ajira karibu milioni 159 ni kama asilimia 0.6. Ni kosa kubwa kuliko kawaida, na wataalamu wana haki ya kulalamika. Lakini ni kosa lililogunduliwa na kutangazwa na walewale waliolifanya, kwa tarehe iliyojulikana mapema.

Siasa za hiyo 818,000 zinachekesha. Ilipotoka, Trump aliitumia kwenye kampeni kama ushahidi kwamba utawala wa Biden na Harris umenaswa ukidanganya. Mwaka mmoja baadaye, akitetea kumfukuza McEntarfer, alisema namba hiyo ilifichwa mpaka uchaguzi ulipokwisha. Uchaguzi ulikuwa Novemba 5. Tangazo lilitoka wiki kumi na moja kabla yake, na yeye mwenyewe alilihutubia. Mpikaji gani wa takwimu anampa mpinzani wa bosi wake zawadi kama hiyo katikati ya kampeni?

Nisiwasafishe BLS kupita kiasi. Kuna matatizo ya kweli, ila hayana uhusiano na yale yanayopigiwa kelele. Watu wanakataa kujibu. Utafiti wa kaya, ambao kabla ya korona ulikuwa ukijibiwa na zaidi ya kaya nane katika kumi, umeshuka chini ya saba. Dodoso la kuwaomba waajiri wajiunge na sampuli linaitikiwa na chini ya nusu yao. Halafu kuna kampuni mpya: iliyofunguliwa mwezi uliopita haimo kwenye sampuli, na iliyokufa haijibu barua. BLS hukadiria vizazi na vifo hivyo kwa modeli, na modeli inachelewa kushtuka uchumi unapogeuka. Desemba 2025 Mwenyekiti wa Benki Kuu, Jerome Powell, alisema hadharani kwamba wao wanadhani namba zilikuwa zinazidishwa kwa kama 60,000 kila mwezi. Hakusema mtu anazipika. Alieleza kifaa kinapokosea na kinakosea kuelekea wapi. Tofauti ya lugha hiyo na ile ya "zimechakachuliwa" ndiyo ninayotaka uishike.

Upishi wa kweli nao upo duniani, na una sura yake. Argentina, kuanzia 2007, serikali iliingilia ofisi yake ya takwimu, INDEC, ikawaondoa waliokuwa wakihesabu bei za bidhaa. Kwa miaka mfumuko wa bei rasmi ukawa chini ya nusu ya kile kilichopimwa na watu binafsi, na wachumi waliothubutu kuchapisha makadirio yao wakatozwa faini. Februari 2013 Shirika la Fedha la Kimataifa likaipa nchi hiyo karipio rasmi. Nyumbani kwetu tulikaribia kuonja: marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya Tanzania ya 2018 yalifanya kuchapisha namba zinazopingana na za serikali kuwa kosa la jinai, Benki ya Dunia ikapiga kelele, na kipengele hicho kikalegezwa 2019. Kenya hali ni tofauti: ripoti ya uchumi ya 2025 ilitaja ajira mpya 782,300 za mwaka 2024, na takriban tisa kati ya kumi zilikuwa za jua kali. Serikali ikazihesabu kama mafanikio, vijana wakauliza ni kazi gani hizo. Huko hakuna wa kukupa orodha ya mishahara kila mwezi, kwa hiyo ugomvi wa Ijumaa ya kwanza hauwezi hata kuanza.

Marekani yenyewe imewahi kukaribia shimo hilo. Mwaka 1971 Rais Nixon aliamini BLS wanamhujumu. Mwezi Machi mikutano ambayo wataalamu wa ofisi hiyo walikuwa wakiwaeleza waandishi maana ya namba ilifutwa. Seneta William Proxmire akajibu kwa kumwita Kamishna bungeni kila mwezi aeleze huko. Julai, mtaalamu mmoja wa BLS, Harold Goldstein, aliposema kushuka kwa kiwango cha Juni kulitokana kwa sehemu na kasoro za kitakwimu, Nixon alifura. Msaidizi wake Fred Malek akapewa kazi ya kuhesabu Wayahudi waliomo ofisini humo, na Goldstein akaondolewa kwenye nafasi yake. Ona kilichomponza: maelezo. Namba yenyewe ilimpendeza Rais, ila mtu mmoja alisema isiaminiwe sana.

Kuna kipengele kingine ambacho kinakugusa wewe mhamiaji moja kwa moja, na nitakaa hapo kidogo. Mwaka 2025 Ikulu ilitangaza mara kadhaa kwamba faida yote ya ajira inawaendea wazaliwa wa Marekani, huku wageni wakipungua kazini. Chanzo ni jedwali moja la utafiti wa kaya linalogawa watu kwa mahali walipozaliwa. Jedwali hilo halifanyiwi marekebisho ya msimu. Baya zaidi, jumla ya idadi ya watu nchini haihesabiwi upya kila mwezi na utafiti huo. Hupangwa kutokana na makadirio ya Ofisi ya Sensa na husahihishwa Januari. Sasa tuseme mhamiaji anaogopa kumfungulia karani mlango, au anafungua na kusema amezaliwa Ohio. Wahamiaji wanaoonekana wanapungua. Jumla haibadiliki. Kwa hiyo, kwa hesabu tu, wazaliwa "wanaongezeka", na wenye kazi miongoni mwao "wanaongezeka", hata kama hakuna Mmarekani hata mmoja aliyeajiriwa wiki hiyo. Januari 2025 ilikuwa kinyume: makadirio ya watu yaliongezwa kwa milioni 2.9, ili kuwahesabu wahamiaji waliokuwa wameachwa, na idadi ya wenye kazi ikaruka kwa milioni 2 bila mtu kuajiriwa. Akikutolea mwenzako jedwali hilo, usibishane naye kuhusu siasa za uhamiaji. Muulize tu jumla ya watu imetoka wapi.

Uhamiaji unabadili pia maana ya namba "nzuri". Mwaka 2023 na 2024, watu walipokuwa wakiingia kwa wingi, wachumi wengi walikadiria kwamba zinahitajika ajira zaidi ya laki moja na nusu kwa mwezi ili kiwango cha ukosefu kisipande. Milango ilipofungwa 2025, makadirio yakashuka hadi elfu 50 au chini ya hapo. Ndiyo maana ongezeko dogo sana la ajira liliweza kukaa pamoja na kiwango cha asilimia 4 na pointi kidogo bila maajabu. Anayelinganisha namba za 2025 na za 2023 kana kwamba mizani ni ile ile anakupotosha, hata kama hakukusudia.

Basi uzisomeje? Chukua wastani wa miezi mitatu na uache wa mmoja. Soma kwanza masahihisho ya miezi miwili iliyopita, kwa sababu yakienda upande mmoja mfululizo yanakueleza mwelekeo kuliko namba mpya. Ukisikia kiwango kimeshuka, tazama kama watu wa umri wa miaka 25 hadi 54 wenye kazi wameongezeka; kundi hilo halivurugwi sana na wastaafu wala wanafunzi. Na kumbuka kuna pengo la kudumu: serikali ilipofungwa kuanzia Oktoba 1 hadi Novemba 12, 2025, utafiti wa kaya wa Oktoba haukufanyika, na kiwango cha mwezi huo hakitapatikana kamwe. Ndiyo mara ya kwanza tangu mfululizo huo uanze mwaka 1948. Atakayekuchorea mstari unaopita pale bila kukatika amejaza mwenyewe.

Kuhusu kazi yako, namba ya taifa haikuambii lolote kuhusu ghala lenu. Tafuta kwenye ripoti mstari wa usafirishaji na maghala, uufuate kwa miezi kadhaa. Tazama maombi mapya ya bima ya ukosefu wa ajira ya Ohio, yanayotoka kila Alhamisi na ambayo yanatokana na watu waliojaza fomu kweli. Halafu angalia saa zenu za ziada. Mwajiri anayeona biashara inapungua kwa kawaida hukata saa za ziada kwanza, kisha wafanyakazi wa mawakala, na wenye mkataba kama wewe huwafikia mwisho. Kama ratiba ya mwezi ujao ina saa pungufu kuliko ya mwezi huu, jambo hilo litakuwa limekufikia wewe wiki kadhaa kabla halijafika BLS.